Maziwa Yenye Chumvi

Nyinyi vijana mnaovaa koti jeupe siku hizi, mkiletewa mtoto anayeharisha mnaanza na karatasi. Mimi nilianza na ulimi. Msicheke. Nimeonja maji ya visima, nimeonja uji wa watu, nimeonja chai iliyobaki kikombeni mwa mtoto, na maziwa ya ngamia nimeyaonja kuliko Mpokomo yeyote ninayemjua. Kwetu kando ya Mto Tana tunajua ndizi na samaki. Ngamia tunawaona wakija kunywa maji na kuondoka. Nilianza kazi ya udresa Garissa nikiwa sijaota ndevu vizuri, nikifunga vidonda na kuchemsha sindano, na nilistaafu nikiwa bado naitwa daktari na watu ambao sikuwahi kuwa na moyo wa kuwasahihisha.

Juzi mwalimu mmoja wa wauguzi alinialika nizungumze na wanafunzi wake. Msichana wa mstari wa mbele akaniuliza, "Mzee, bila maabara mlijuaje kwa nini mtoto anaharisha wiki nenda wiki rudi?" Nikamwambia tulitazama, tukanusa, tukauliza, kisha tukamuuliza mtu yule yule swali lile lile huku tunakunywa chai yake. Wakacheka, kengele ikalia, nikarudi nyumbani na maneno yangu tumboni. Haya ndiyo niliyotaka kuwaambia.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Kibajuni aliyesimamia chumba cha watoto, tukimwita Bwana Shee. Mkali, mfupi, kofia yake ya kitambaa haitoki kichwani hata akiwa na homa. Ukimwambia, "Bwana, mtoto anaharisha," alikujibu, "Na mimi nina pua. Niambie choo kikoje." Alinisukuma shingo mpaka kwenye kitambaa cha mtoto. Alitaka nimweleze kama ni maji matupu, au kuna kamasi, au damu, au povu, au mafuta yanayong'aa. Kinanuka uchachu au kinanuka uozo? Matako ya mtoto yamebabuka au ni mazima? Ukikuta uchachu na matako yamebabuka, alisema, tazama maziwa anayokunywa. Ukikuta damu na kamasi, tafuta amiba. Mafuta na tumbo lililojaa upepo, basi kuna vidudu vimejenga kwenye utumbo wa juu. "Na ukikosa vyote," alisema, "kuna mtu nyumbani anampa mtoto kitu. Tena anampa kwa mapenzi, kwa hiyo uliza kwa adabu."

Nilidhani ananitania mpaka tulipoletewa mtoto mmoja wa mjini Garissa ambaye tulimpa kila kidonge kilichokuwa kabatini. Akilazwa kwetu anapona, akirudi kwao anaharisha. Mwisho Bwana Shee alikwenda kwao, akavua viatu, akakaa mkekani akanywa chai na shangazi mtu mpaka wakawa marafiki. Kumbe babu wa nyumba ile alikuwa amepewa chumvi ya haluli kwa ajili ya choo kigumu, na kwa kuwa familia ile ilikuwa inagawana kila kitu, kuanzia nyama hadi msiba, walikuwa wanagawana na dawa. Shangazi alikuwa akitia kidogo kwenye chai ya mtoto ili uchafu utoke upesi. Nilishtuka. Bwana Shee alimshukuru kwa chai, akaondoka na pakiti ya haluli mfukoni.

Basi sasa niwaambie habari za Habiba, maana kwake nilishtuka mara nyingi kuliko nilivyoshtuka katika kazi yangu yote ikijumlishwa pamoja, na mara ya mwisho nilikuwa tayari nina mvi.

Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliokuwa wakipigana na serikali kule kaskazini. Wafugaji wa kule juu walikuwa wameamriwa watoke maporini, wakusanyike kwenye vijiji vilivyozungushiwa miba na waya, na askari langoni. Nilipelekwa kwenye kimoja upande wa Buna kufungua chumba cha dawa, na chumba chenyewe kilikuwa hema. Nilishuka kwenye lori nikasimama kama nimepigwa kofi. Mimi nilizoea kuwaona Wasomali wakitembea, tena wakitembea kama watu wenye nchi. Pale niliwakuta wameketi. Watu ambao maisha yao yote wamefuata mvua walikuwa wameambiwa wakae, na mifugo yao ikala kila kilichoota karibu na uzio mpaka kikaisha, kisha ikaanza kufa. Harufu ya mizoga ilikaa ndani ya chakula, ndani ya shuka, ndani ya pamba yangu ya kufungia vidonda.

Kwenye lori lile lile alikuwamo mwanamke wa Kikamba kutoka upande wa Mwingi, amempakata mwanawe mchanga aitwaye Mutua. Alikuja kumwonyesha mumewe mtoto, akidhani atakaa siku chache arudi shambani kwake. Mumewe, askari aliyeitwa Kilonzo, alikuwa mrefu, mwenye pengo la meno ya mbele, na mcheshi kiasi kwamba hata wazee wa Kisomali waliokuwa wamenuna walimtazama wakazuia kicheko. Lori lililotufuata lilikanyaga bomu la kutegwa njiani, na ruhusa za kusafiri zikafungwa. Mama Mutua akakwama, na mimi nikakwama. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali naye alikuwa amekwama vile vile.

Habiba aliletwa na bibi yake mzaa mama, ayeeyo Dahabo. Ayeeyo ni bibi kwa Kisomali, na kijiji kizima kilimwita hivyo. Mama wa mtoto alikuwa amefariki walipokuwa wakihamishwa kuletwa pale. Baba yake sikuuliza aliko. Wakati ule swali kama hilo liliweza kumuua mtu. Mtoto alikuwa ameota meno ya mbele lakini hajafikisha miaka miwili, na Dahabo alimfungua kutoka mgongoni akamlaza juu ya meza yangu kama mtu anayerudisha kitu kilichoharibika dukani.

"Daktari," akasema, "hii mtoto nakunywa, natoka. Nakunywa, natoka. Mimi nachoka kufua."

"Tangu lini, ayeeyo?"

"Tangu sisi nakuja haba." Kwake "hapa" ilikuwa "haba".

Nilifanya alivyonifundisha Bwana Shee. Nikafinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kabla ya kurudi. Macho yameingia ndani. Mkono nikauzungusha vidole viwili, vikapishana. Lakini homa hana, damu hakuna, kamasi hakuna, povu hakuna. Maji tu. Nikanusa, hakuna uchachu. Matako mazima kabisa. Na kitu kimoja kilinisumbua: mtoto alikuwa na kiu isiyo ya kawaida. Nikimpa maji ya kijiko aling'ang'ania kijiko, nikakivuta kama ninavyomvuta mbuzi.

Nilimpa dawa ya minyoo, nikampa na vidonge vyeupe vilivyokuwa vikitibu kila kitu enzi zile. Hakikubadilika kitu. Ikabaki ile ya mwisho ya Bwana Shee, kwa hiyo nikaenda kwenye kibanda cha Dahabo, nikavua viatu.

"Mtoto anakula nini, ayeeyo?"

"Maziwa ya ngamia."

"Na nini tena?"

"Na maziwa ya ngamia."

"Hakuna mtu anampa dawa? Majani? Chumvi? Chochote?"

Akasimama. "Wewe nafikiri mimi nabea mtoto ya binti yangu sumu?"

Nikamwomba radhi, nikamwomba na chai. Alikuwa mtu wa heshima, akanipa chai ingawa nimemuudhi. Nikamwomba na maziwa peke yake, kidogo tu. Alikuwa na ngamia mmoja wa maziwa aliyebaki katika kundi zima la ukoo wake, na maziwa yale ndiyo yaliyokuwa maisha ya mtoto. Akanimiminia kutoka kwenye chombo chake cha kufumwa. Nilipoweka mdomoni nilibaki na kikombe usoni sijui nimeze au niteme. Yalikuwa na chumvi. Si chumvi ya kudhania, chumvi ya mtu aliyeangusha kopo.

"Ayeeyo, onja."

Akaonja. "Maziwa mazuri."

"Yana chumvi."

Akaonja tena, polepole, na nikaona uso wake ukibadilika. Akanyanyuka akanipeleka kwa ngamia. Alikuwa amefungwa kando ya uzio, na kitu pekee kilichobaki kuota pale kilikuwa kichaka kifupi chenye majani manene ya kijani, ambacho Wasomali wanakiita daran. Nikatafuna jani. Chumvi tupu. Na maji ya kisima cha pale, ambayo ngamia na mtoto wote waliyanywa, yalikuwa machungu tangu zamani; hata sisi wageni yalituendesha wiki ya kwanza.

"Ngamia nataka chumfi kama mtu," Dahabo akasema. "Sisi nabeleka kidogo kula daran, halafu natoa, nabeleka kwa majani ingine. Hii nakula daran asubuhi, mchana, jioni. Mimi ulimi yangu nazoea, hata sisikii."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hamtalikuta kitabuni: ukitafuta sababu ya tumbo la mtoto usiishie kwa mtoto. Nenda kwa anayemlisha, kisha kwa mnyama, kisha kwa kile mnyama anachokula, na ukifika kwenye uzio jiulize nani aliuweka. Mtoto yule alikuwa anakunywa haluli kutoka kwenye kiwele cha ngamia.

Dawa yake ilikuwa rahisi kuitaja. Ngamia atoke nje akale migunga. Nikaenda kwa mkuu wa kambi, mtu mchovu aliyekuwa na jipu shingoni nililokuwa nikimsafishia kila asubuhi, na hiyo ilinisaidia.

"Unaniomba ruhusa ya ngamia kutoka nje," akasema, "kwa sababu ya kinyesi?"

"Ndiyo, bwana."

"Wakati wa vita."

"Kinyesi hakijui vita, bwana."

Akalipapasa lile jipu, kisha akakubali. Dahabo mwenyewe ndiye atakayempeleka ngamia, kwa kuwa ni mwanamke mzee, wakati wa mchana tu, asipite mawe ya mpaka yaliyopakwa chokaa. Akasema atawaambia askari wake. Naamini aliwaambia waliokuwapo.

Mngeiona furaha yangu siku zile mngedhani nimepata mtoto mimi. Maziwa yalianza kupoteza chumvi. Mtoto nikampa maji yaliyochemshwa, ya mvua tuliyokinga kwenye turubai, yenye sukari na chumvi kidogo sana, na uji mwepesi wa mchele, kwa sababu mtoto anayeharisha hanyimwi chakula. Mkisikia mtu anasema tumbo lipumzishwe, mfukuzeni. Choo kikaanza kushikana. Siku kilipotoka kizito kama uji nilikibeba kwenye kitambaa nikamwonyesha askari wa langoni, naye akanipigia saluti. Sisemi uongo. Watu wa kazi yetu hufurahia vitu ambavyo hatuwezi kuvieleza mezani.

Siku moja saa ya adhuhuri tukasikia risasi moja upande wa migunga. Kundi la doria lililokuwa limeondoka kabla ya ruhusa yangu kutolewa, na Kilonzo na wenzake kadhaa wakiwamo safari ile, lilikuwa linarudi kwa njia ya upande ule. Hakuna aliyekuwa amewaambia habari za ngamia wa mgonjwa. Amri waliyokuwa nayo ilikuwa moja: mfugo nje ya mawe ni wa shifta.

Dahabo aliingia hemani kwangu akiwa mzima. Mkononi alikuwa ameshika kamba ya ngamia. Akaiweka juu ya meza, pale pale alipokuwa amemlaza mtoto.

"Daktari," akasema, "dawa yako nakufa."

Niliikamata ile kamba nikaona damu, nikaiachia. Mkuu wa kambi alikuja mwenyewe kutoa pole, akasema ni makosa ya mawasiliano. Nani alifyatua, doria haikusema, na mimi sikuuliza. Wajukuu wangu wakinisikia nikisimulia haya huniuliza kama nilijutia kuomba ile ruhusa. Sijutii. Leo hii ningeiomba tena, ila ningesimama mwenyewe kwenye yale mawe na shuka jeupe.

Maziwa yakawa hakuna. Nilikuwa na maziwa ya unga ya msaada, nikayachemsha vizuri, nikampa. Sasa ndipo nilipoona mambo ya Bwana Shee moja baada ya jingine: uchachu unaochoma pua, povu, matako yakababuka mpaka mtoto akawa analia akiguswa na maji. Utumbo uliochoka hauwezi sukari ya maziwa ya kopo. Nikayaacha, nikarudi kwenye maji ya mchele na supu ya mbuzi iliyochujwa. Vilimzuia asife, lakini havikumnenepesha. Shingo ikaanza kulegea. Dahabo aliacha kulalamika kuhusu kufua, na hilo liliniogopesha kuliko kitu kingine chochote.

Hali ikiwa hivyo, Mama Mutua akamleta Mutua, mafua kidogo tu. Alikuwa amekaa akisubiri, na Habiba akalia kile kilio chembamba cha mtoto asiye na nguvu ya kulia. Blauzi ya Mama Mutua ikalowa mbele. Akajifunika kwa leso, ameona haya.

"Huyo mama yake yuko wapi?" akaniuliza.

"Alikufa."

"Basi nipe mimi. Mutua hamalizi."

Nilimwambia asubiri. Mimi ni Mwislamu, na nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Kwetu maziwa ya kifua yanazaa udugu. Mtoto akinyonya mara tano akashiba, yule mwanamke ni mama yake, mumewe ni baba yake, na watoto wao ni ndugu zake mpaka kufa. Sasa nimwendee bibi wa Kisomali, aliyefungiwa ndani ya miba, aliyepigiwa ngamia wake wa mwisho, nimwambie mjukuu wake awe binti wa askari? Nilitembea polepole kwenda kwenye kibanda chake nikijipanga cha kusema. Nilikuwa nimeandaa mpaka habari za Mtume wetu aliyenyonyeshwa na asiye mama yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Mume yake nani?"

Nikatoka naye nje. Kilonzo alikuwa kwenye pipa la maji ananawa uso. Nikamwonyesha kwa kidevu.

"Ile mrefu? Ya bengo?"

"Huyo."

Akamtazama muda mrefu mno, mpaka nikaona aibu kwa niaba ya Kilonzo. "Sawa," akasema. "Mbeleke mtoto."

"Ayeeyo, unaelewa maana yake? Akinyonya mara tano..."

"Mimi najua tano. Anyonye sita."

Nilishtuka. Hotuba yangu yote ilibaki bila kazi. Nilijiambia kwamba njaa ya mtoto inashinda kiburi cha watu wazima, nikaona nimeelewa, nikafurahi nafsini mwangu kwa hekima yangu.

Tulianza kidogo kidogo. Mama Mutua alimnyonyesha mwanawe kwanza upande mmoja, Habiba upande wa pili, na Dahabo alikaa chini mbele yao akihesabu kwa vidole, midomo inacheza. Alipofika tano alishika mkono wa Mama Mutua akaubusu, kisha akaendelea kuhesabu. Matako yakapona. Choo kikawa cha njano, laini, kisicho na ubaya wowote, choo cha mtoto anayenyonya. Macho yakatoka shimoni. Kilonzo peke yake ndiye hakufurahi, au ndivyo nilivyoona. Mkewe akinyonyesha, yeye alikaa nje ya hema ametupa mgongo, na ile mizaha yake ikaisha. Nikadhani hapendi mkewe ampe ziwa mtoto wa watu.

Barabara ilipofunguliwa Mama Mutua aliondoka na msafara. Habiba alikuwa ameshaanza kula uji wa samli na kutembea ameshika meza. Nilimweleza Mama Mutua kwamba kwa watu hawa sasa yeye ni mama. Akacheka. "Nani atakumbuka, Daktari," akasema, akapanda lori.

Vita viliisha. Nilirudi Garissa, nikaoa, nikazeeka. Dahabo na Habiba nao walishuka wakakaa Garissa kwa ndugu zao wafanyabiashara ya mifugo, na Habiba akawa msichana mrefu aliyenisalimia njiani kwa kuninong'oneza, "Abti, umenusa nini leo?" Abti ni mjomba. Siku moja Dahabo akaniita. Habiba anaolewa, mahari imefika, na katika mahari mama wa kunyonya ana fungu lake. Nimtafutie alikokwenda yule Mkamba.

Nilimpata kwa kuulizia askari wastaafu. Tukapanda lori la mifugo linalokwenda Nairobi, mimi, Habiba, Dahabo ambaye macho yalikuwa yameanza kumwishia, na nyuma yetu ngamia jike mwenye ndama. Tulipomshusha karibu na Mwingi watoto wa shule walitoka madarasani bila ruhusa. Mama Mutua alikuwa akipura mbaazi. Alimtambua Dahabo kabla hajanitambua mimi, akaangusha ungo.

"Hooyo," Habiba akamwambia, yaani mama, akapiga magoti. "Hii ni yako."

Tulikaa, tukaletewa chai, vicheko na machozi vikachanganyika. Kilonzo, mzee sasa, pengo lake limeongezeka, hakukaa. Alimzunguka ngamia polepole, kisha akanivuta mpaka nyuma ya ghala la mahindi.

"Daktari," akasema, "wanajua?"

"Wanajua nini?"

Alikuwa anamtazama ngamia, na mkono umeng'ang'ania nguzo ya ghala. Hapo nikaelewa, baada ya miaka yote ile. Mimi niliyejua kuuliza mtoto anakula nini, anapewa na nani na kwa mapenzi gani, sikuwahi kujiuliza kwa nini bibi yule alikubali upesi vile.

Dahabo macho yalikuwa yamepungua lakini masikio yalikuwa mazima. "Kilonzo," akaita, "kuja haba."

Akaenda akasimama mbele yake kama yuko kwenye gwaride.

"Mimi najua tangu siku ile. Mimi nashika kamba, wewe nasimama haba kama hii mti. Mimi naona bengo."

"Sikuwa nimeambiwa," Kilonzo akasema. "Niliona ngamia tu. Wewe sikukuona mpaka alipoanguka."

"Najua. Uso yako nashtuka kuliko yangu." Akanyoosha mkono akapapasa mpaka akapata mkono wake. "Watoto ya ndugu yangu nauliza mimi kila siku, nani? Nani? Mimi nasema sioni. Lakini mimi mtu, siku moja nitakasirika, nitasema jina. Halafu daktari nakuja na habari ya maziwa. Mimi nauliza, mume nani? Naonyesha wewe. Mimi nasema, basi, Mungu nafunga mlango. Sasa hata mimi nikisema, nani kwetu naweza kugusa baba ya Habiba?"

Mama Mutua alikuwa ameacha kumimina chai. "Miaka yote hii," akamwambia mumewe, "mimi nikadhani ulinichukia kwa kumnyonyesha." Kilonzo akakaa chini kwenye vumbi, mzee mzima, akalia bila kujificha. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Habiba ndiye aliyesimama. Akachukua kile chombo cha bibi yake cha kufumwa. "Hooyo, njoo nikuonyeshe kumkamua kabla hatujaondoka. Mtu asiyemjua hamruhusu." Wakamwachia ndama aanze, kisha wakakamua pamoja, Habiba mguu mmoja juu, chombo juu ya goti, Mama Mutua akicheka huku anafuta macho kwa bega. Kikombe cha kwanza wakampa Kilonzo. Alikishika kwa mikono miwili, akakitazama, kisha akaninyooshea.

"Onja wewe kwanza, Daktari."

Nikaonja. Hayakuwa na chumvi hata kidogo. Nikamrudishia, akanywa.